Fidia ya Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 9 Agosti 1993

Nimekanyaga msumari. Tena si msumari wangu. Ni wa Wilbert, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, anayejenga kibanda cha duka mbele ya nyumba yake kana kwamba Temeke nzima ni shamba la baba yake. Mimi na Wilbert tulipunguzwa kazi kiwandani siku moja, kwa barua zinazofanana mpaka makosa ya taipu. Yeye kiinua mgongo chake kakinunulia mbao, sukari na sabuni. Mimi nilinunua robota zima la mitumba bila kulifungua, kwa sababu mtu mwenye akili hununua jumla. Makoti ya baridi kali. Hamsini na mawili! Mke wangu Somoe anayalalia mpaka leo badala ya godoro.

Wilbert kanipeleka zahanati mwenyewe, na huruma zake zikanikera kuliko msumari. Sista Atuganile akanichoma chanjo ya pepopunda mkono wa kushoto, akaniandikia kadi. Akasema mkono utauma siku mbili tatu, ni kawaida. Kawaida kwake. Mkono si wake.

Jumanne, 10 Agosti

Mkono unauma. Maandazi ya asubuhi yamekuja yamefungwa kwenye kipande cha gazeti la Kiingereza. Kiingereza nakijua, nilisoma mpaka darasa la nane la mkoloni. Ni chenyewe tu ndicho hakinijui vizuri. Lakini nimeelewa ya kutosha. Ulaya. Mtu mmoja. Chanjo. Mkono umekufa. Mahakama. Fidia! Kiasi cha fidia kilikuwa kwenye kona iliyolowa mafuta. Nimehesabu sifuri tano, na nyingine zilikuwa zinaelekea kwenye tundu.

Nikautazama mkono wangu. Ukaanza kufa pale pale.

Bahati iliyoje kwamba Sista alichagua wa kushoto. Ungekuwa wa kulia ningekula na nini? Ningesalimiana na nani? Nimekaa nikafikiria kazi za mkono wa kushoto hapa duniani. Nimepata moja: kushika redio wakati wa kuzungusha kile kidude cha stesheni. Basi. Mkono huo naweza kuukosa hata mwaka mzima.

Jumatano, 11 Agosti

Nimekwenda kwa Brightson. Huyu hukaa na mashine yake ya taipu chini ya mwavuli nje ya mahakama, na kwenye kibao chake ameandika kwamba ni mshauri wa mambo ya sheria. Wakili si wakili. Ila suruali yake ina mstari wa pasi unaoweza kukata mkate.

Alisikiliza bila kucheka, jambo lililonipa moyo. Akasema mahakama haiamini mkono, inaamini watu. Lazima mtaa mzima unione sina mkono. Nionekane msikitini, bombani, misibani. Hasa misibani, akasema, nisikose hata mmoja, kwa sababu hakuna mahali penye mashahidi wengi wasio na kazi nyingine. Tutawadai waliotengeneza dawa huko kwao, meli iliyoileta, na zahanati. Nikamwambia Sista Atuganile ni mtu mwema, asiandikwe. Kwenye maelezo akamtaja tu kama "muuguzi mmoja." Mimi nikaomba aongezwe mdaiwa mwingine wa mwisho: Wilbert, mwenye msumari. Brightson akaniangalia kwa heshima.

Malipo yake ya kuanzia ni jogoo mmoja. Yanayobaki, tukishinda.

Nimeufunga mkono shingoni kwa kanga ya Somoe. Maandishi yake hayamfai mtu mzima kutembea nayo kifuani, nikayageuzia ndani. Somoe nimemweleza yote, maana mke hafichwi kitu. Akaendelea kuchagua mchele. Akasema, "Haya, Baba Najat. Hizo hela zikija uniamshe." Kisha akanitajia kazi zote za nyumba zinazowezekana kwa mkono mmoja. Kumbe ni nyingi.

Ijumaa, 13 Agosti

Sijawahi kupendwa hivi tangu nizaliwe! Msikitini vijana wamenimiminia maji ya udhu. Imamu kaniombea dua kwa jina. Nimeletewa sahani tatu za chakula kutoka nyumba tatu, na moja ilikuwa na paja la kuku. Nadhani lilikuwa la jogoo wangu, maana mke wa Brightson anauza chakula. Nimelila hivyo hivyo.

Wilbert kaleta sukari kilo moja na machozi machoni. Kasema anajilaumu kwa ule msumari. Nimepokea sukari kwa mkono wa kulia na kumwambia asijali. Bado ni mdaiwa wa nne.

Jumatatu, 16 Agosti

Najat, binti yangu wa pekee, amefika kutoka Ubungo na mjukuu wangu Talha mgongoni. Talha ametimiza miezi tisa. Ana meno mawili, na akiniona anacheka kwa mwili mzima. Ndiye mtu pekee katika ukoo huu anayenichukulia kwa uzito.

Najat kuuona mkono, kilio. Amelia mpaka kanga ya kichwani ikaanguka. Alhamisi alikuwa ampeleke Talha kuchomwa chanjo ya surua hapa kwetu, maana foleni ya kwao ni ndefu. Sasa anasema haendi ng'o. "Kama wamekuua wewe mkono, baba, mtu mzima na mifupa yako, mwanangu watamwachia nini?" Na surua ipo, kasema mwenyewe. Mtaani kwao watoto wawili wamelazwa.

Nilitaka kumwambia. Wallahi nilifungua mdomo. Lakini Najat ukimwambia siri saa nne, saa tano inarudi kwako imeongezwa chumvi. Nikasema asubiri kidogo, mambo yako kwa wanasheria. Somoe alinitazama kutoka jikoni. Sikulipenda lile jicho.

Alhamisi, 19 Agosti

Sista Atuganile kaja nyumbani baada ya kazi. Kaniamkia vizuri kabisa, "Shikamoo mzee," kisha akaomba kuuona mkono. Akauminya. Akaugeuza. Akachukua sindano ya kushonea ya Somoe akanigusa nayo kwenye kidole. Nilijikaza kiume. Machozi mawili yakatoka, nikasema ni vumbi.

Hakubishana nami. Alikaa kwenye kigoda akaniambia kwamba leo ilikuwa siku ya watoto, na siku ya watoto huwa anapata akina mama arobaini. Leo kawapata watatu. Wengine wote wamesikia habari ya mkono wangu. Dawa iko kwenye jokofu, wanaoihitaji wako majumbani, na surua imeshafika mtaa wa pili. Akaniuliza mjukuu wangu kachomwa lini. Nikasema bado. Akaniambia nimlete Alhamisi ijayo, na nije mwenyewe. Akanywa chai yake, akaaga.

Nimeona aibu. Kidogo. Lakini barua ya madai imeshachapwa kwa nakala nne, na nakala moja ina muhuri.

Jumapili, 22 Agosti

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani.

Leo ilikuwa arobaini ya marehemu Mzee Kondo. Baada ya adhuhuri yamesomwa yaliyosomwa, majamvi yakatandikwa, pilau ikatoka. Watu watano kwa kila sinia, kama ilivyo siku zote. Nikakaa na kanga yangu shingoni, mashahidi pande zote, nikajua Brightson angefurahi. Nyama ilikuwa upande wangu. Bismillah, nikanyoosha mkono wa kulia.

Hapo Jamali akakohoa. Jamali anauza samaki, ni Mnyamwezi, na sisi Wazaramo ni watani wake. Penye msiba mtani ana ruhusa ya kusema lolote, na ukikasirika aibu ni yako. Akasema, kwa sauti ya mnada, kwamba kuna jambo linamsumbua tangu wiki iliyopita. "Mzee Mwinshehe, mkono wa kushoto si umekufa? Sasa chooni kopo unashika na nini, na kutawaza unatawaza na upi?"

Mikono minne ikatoka kwenye sinia kwa pamoja. Mtu wa kulia kwangu alikuwa ameshameza tonge moja, nilimwona analifikiria.

Siku kumi na mbili! Siku kumi na mbili nimebeba mkono huu na sikuwahi kuiona kazi hiyo. Kwa sababu nyumbani, mlango ukishafungwa, mkono hufufuka wenyewe na kufanya wajibu wake kama miaka yote. Sasa niseme nini? Nikisema natumia wa kushoto, kesi imekufa. Nikisema natumia wa kulia, nimekufa mimi. Nikasema mke wangu hunisaidia.

Kutoka upande wa wanawake, nyuma ya pazia, sauti ya Somoe ikapaa juu ya masufuria yote: "Mie? Simo!"

Nikasema basi kuna utaratibu. Jamali akauliza utaratibu gani. Nikasema ni wa kitabibu. Watu wakahamia sinia la jirani, tisa kwa sinia moja, wamebanana magoti. Mimi nikaletewa sahani peke yangu, na kijiko. Kijiko! Kwenye arobaini! Nimekula pilau ya marehemu kwa kijiko kama karani wa benki, huku watoto wakinichungulia.

Jumatatu, 23 Agosti

Hakuna anayenipa mkono. Watoto waliokuwa wakinishika mkono wakiniamkia sasa wananipigia shikamoo kutoka ng'ambo ya barabara. Mama muuza maandazi kaniambia nisichague mwenyewe, nimwonyeshe kwa kidevu. Msikitini nimepata nafasi kubwa sana pande zote mbili. Wilbert peke yake kanishika bega, kwa nyuma, kama mtu anayepima kama rangi imekauka.

Nikakimbilia kwa Brightson kumwomba tuifute kesi. Yeye kafurahi! Kasema hilo ni dai jipya kabisa. Kapachika karatasi kwenye mashine akachapa aya ya tano: kuvunjiwa heshima, kutengwa kwenye sinia, na kulishwa kwa kijiko hadharani. Kasema Alhamisi atakuja zahanati na wino, akina mama waliogoma kuchanja watoto watie dole gumba kuwa ni mashahidi wetu.

Nikauliza haya yote yanaongeza fidia kwa kiasi gani. Kasema mara mbili. Sikuifuta.

Jumanne, 24 Agosti

Najat kaingia chumbani kwetu saa moja asubuhi bila kubisha hodi. Talha anachemka. Vipele kifuani, shingoni, mgongoni. Haniangalii, hacheki. Najat hakulia safari hii, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema neno moja tu, "Surua," akakaa chini.

Mimi nilimbeba. Sikumbuki kwa mkono upi. Nilikimbia mpaka zahanati na makobazi ya Somoe miguuni, na njiani nilimwahidi Mungu vitu vingi sana, vingine sina hata uwezo navyo. Niliogopa. Sijawahi kuogopa namna hiyo, hata siku ya barua ya kiwanda.

Sista Atuganile kamvua nguo, kamtazama mdomoni, kwenye macho, nyuma ya masikio. Muda mrefu. Kisha akasema si surua. Ni vipele vya joto na homa ya mafua. Najat alikuwa amemfunika makoti yangu mawili ya mtumba tangu juzi ili upepo wa chanjo usimfikie! Akampa dawa ya maji na kusema makoti yale yachomwe moto. "Safari hii si surua, mzee," akaniambia mimi, si Najat. Akarudi kwenye kazi yake.

Najat bado anasema Alhamisi hachomwi mtu. Kanionyesha kwa kidole kanga ya shingoni. Nilikuwa nimeshaufunga mkono tena.

Alhamisi, 26 Agosti

Zahanati. Akina mama kama thelathini, lakini wote wamesimama nje ya lango wakiangalia, hakuna anayetangulia. Brightson yuko kivulini na kibweta chake cha wino, suruali imepigwa pasi upya. Najat kamkumbatia Talha kama anayetaka kunyang'anywa. Talha mzima, homa imekwisha, anakula kona ya kadi yake ya kliniki. Mimi katikati yao na mkono wangu. Ushahidi unaotembea.

Hapo akapita mama mmoja akitoka ndani na mtoto wake, wanapelekwa hospitali kubwa. Mtoto huyo ndiye mwenye surua yenyewe. Macho yameganda, mdomo umechubuka, kikohozi cha mtu mzima kwenye kifua cha mtoto. Mama yake hakuangalia mtu. Sista alininong'oneza kwamba mtoto yule hakuwahi kuletwa kliniki hata mara moja, toka zamani, kabla ya habari zangu. Alisema hivyo ili nisijisikie vibaya. Nilijisikia vibaya sana.

Nikamtazama Talha. Akanicheka kwa mwili mzima.

Basi. Nikaifungua kanga. Nikamchukua mtoto kutoka kwa mama yake kwa mikono yote miwili, nikamnyanyua juu ya kichwa changu, juu kabisa, mkono wa kushoto umenyooka kama mlingoti wa shule. Nikamshusha, nikamnyanyua tena, kwa wale wa nyuma ambao hawakuona. Nikasema kwa sauti kwamba mkono ulikuwa mzima siku zote na mimi ndiye mgonjwa.

Mama mmoja wa mbele akaangua kicheko, na kikasambaa mpaka langoni. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Brightson akafunga kibweta chake taratibu, akaondoka bila kuaga, kama mtu aliyekumbuka kaacha jiko linawaka. Najat hakucheka. Alinitazama, akasema, "Baba, wewe!" na mengine akayameza kwa sababu ya watu. Kisha akamchukua mwanawe akawa wa kwanza kuingia ndani.

Talha alilia sekunde tano. Mimi zaidi. Naandika hapa kwamba nilifurahi, sijali nani atasoma.

Foleni ikafuata. Sista akasema kwa kuwa nina mikono miwili mizima nimsaidie kushikilia watoto. Nimeshikilia watoto mpaka saa nane. Wanne wamenikojolea. Mmoja kaning'ata, na ana meno zaidi ya mawili.

Ijumaa, 27 Agosti

Mtaa wote unanipa mkono. Tena wanataka wa kushoto, wauone. Jamali kanishika yote miwili na kuitikisa mbele ya wateja wake, akatangaza kwamba sasa analala usingizi, maana swali lake limejibiwa. Somoe kaifua kanga yake mara tatu. Jioni kanipa ndoo mbili za kuchotea maji badala ya moja.

Wilbert kaja. Kumbe Brightson alimpelekea nakala yake ya madai tangu juzi. Mdaiwa wa nne. Nilijiandaa kwa matusi. Nilikuwa na majibu mawili tayari. Kaniletea mche mzima wa sabuni kutoka dukani kwake, kauweka mezani, kasema ni wa mikono. Akaondoka. Sijawahi kutukanwa vizuri namna ile.

Nimejifunza. Naandika kwa herufi kubwa ili nisisahau: NIMEJIFUNZA. Mambo ya fidia basi. Nitatafuta kazi ya halali. Labda hata Wilbert anahitaji mtu wa kupanga mzigo.

Jumamosi, 28 Agosti

Talha na mama yake bado wako hapa. Mtoto ana joto kidogo tangu alfajiri, na pale alipochomwa pamevimba kama punje ya choroko. Najat hana wasiwasi hata kidogo. Sista alishamwambia ni kawaida, siku mbili tatu, basi. Ananyonyesha na kuimba. Jambo jema. Mimi pia sina wasiwasi.

Nilikuwa nimempakata tu. Nikapaangalia pale palipovimba. Kwa mapenzi ya babu. Mkono laini kabisa, hauna hata kovu. Uso ambao hakimu yeyote akiuona atatafuta leso. Tena akilia, analia kwelikweli, hahitaji kuambiwa.

Na nikaendelea kufikiri, maana kufikiri si dhambi. Huyu hali sinia moja na mtu yeyote. Hapeani mkono msikitini. Na Jamali akija na swali lake la chooni, jibu lipo wazi mbele ya Temeke nzima: anatawazwa na mama yake. Kumbe kosa langu lilikuwa dogo sana. Nilidai kwa mkono wa mtu mzima.

Najat anakwenda sokoni saa nne. Brightson Jumamosi hufunga saa sita. Nimemwambia Somoe kwamba mtoto anahitaji hewa safi, nitamtembeza kidogo upande wa mahakamani, na nimemuuliza yule jogoo mwingine yuko wapi.